Natunga nyimbo mwenyewe na gitaa, nipo Mwanza. Watu sahihi wa kufanya nao kazi nitawapataje?

gitaa_la_mwaloni

Habari zenu wakuu, naombeni mawazo maana nimekwama kweli.

Mimi ni dada wa miaka 27, nipo Mwanza, natunga na kuimba mwenyewe, gitaa nilijifunzia kwaya ya kanisani. Sina lebo sina meneja, kinachoniweka mjini ni kufundisha chekechea, muziki naufanya jioni na Jumamosi. Nyimbo ninazo kama arobaini hivi, nyingi ziko kwenye simu nimejirekodi tu usiku watu wamelala, nyingine ni kiitikio peke yake vesi hazijaja.

Mwaka jana nikajitutumua nikadunduliza laki na nusu nikaenda studio moja hapahapa mjini (siitaji). Nikabeba wimbo ninaoupenda kuliko zote, unamhusu mama yangu alivyokuwa anachukua dagaa mwaloni Kirumba alfajiri halafu anazungusha mitaani. Unaanza hivi:

*Jogoo hajawika, mama keshajifunga kibwebwe*
*karai kichwani, njia anaijua gizani*

Ni wimbo wa taratibu, naupiga kwa vidole. Prodyuza akausikiliza haujafika hata kwenye kiitikio akasema huu hauuzi, akaniwekea biti la amapiano, akapandisha spidi, nikawa naimba huku nakimbizana na biti, ile "gizani" ikawa inamezwa kabisa haisikiki. Nilivyotoka nikausikiliza kwenye daladala na hedfoni nikalia jamani. Sio kwamba biti ni baya, biti lenyewe zuri tu, ila mama yangu hayumo mule. Nikarudi kuomba trak ya sauti yangu na ya gitaa nikaambiwa niongeze laki mbili. Nikaacha.

Sasa mtu kama mimi anawapataje wapigaji na prodyuza wa kuelewana naye? Na mkishapatana mnagawanaje, maana sina hela ya kumlipa kila mtu? Na je ni lazima nihamie Dar? Kila ninayemuuliza jibu ni hilohilo, hamia Dar.

---

besi_nne

Pole sana dada. Mimi napiga besi hapa Dar huu mwaka wa kumi na tano, hotelini, makanisani, studio, harusi, kote nimepita, kwa hiyo nitakwambia nilichokiona kwa macho.

Mi naona ulienda studio mapema. Ulibeba wimbo ambao hakuna binadamu mwingine aliyewahi kuupiga zaidi yako wewe, sasa ukiingia studio hivyo mwenye kauli ni mwenye kompyuta, ndo ilivyo, hata angekuwa mtu mwema kiasi gani. Wimbo ukishapigwa na watu wawili watatu kwa miezi kadhaa unakuwa na msimamo wake, hata prodyuza akileta wazo jipya mnajua lipi linaongeza na lipi linaua.

Tafuta mtu MMOJA kwanza. Sio bendi. Mmoja anayepiga kitu usichopiga wewe. Mpe wimbo mmoja, usimweleze chochote, halafu sikiliza anauliza nini. Akiuliza tu "unaimbia kii gani", yaani ufunguo gani wa muziki, huyo ni fundi, mafundi wapo wengi na tunawahitaji. Akiuliza "hapa unasema nini, rudia hayo maneno", huyo mshike mkono usimwachie. Mimi nimepigia waimbaji wengi ambao hadi leo sijui nyimbo zao zinahusu nini, sikuuliza na wao hawakujali, tulilipana tukaachana. Na kuna mmoja tu ambaye tupo naye mwaka wa tisa sasa kwa sababu siku ya kwanza tulikaa saa nzima tunabishana kuhusu neno moja kwenye vesi ya pili.

Halafu mazoezi ya mwanzo msirekodi kitu, watu wakiona simu imewashwa wanaanza kujionyesha. Na mpe nauli. Hata kama ni rafiki yako, hata kama ni elfu tatu, mpe nauli na chai. Mtu anayetoka kwake na besi mgongoni akarudi usiku kwa hela yake mwenyewe atakuja mara mbili, ya tatu atakuwa na dharura.

---

biti_kwanza

Mi naomba nitofautiane kidogo wakuu. Dada ana sauti na maneno yake mazuri ila tusimdanganye, watu wanagundua nyimbo kwenye vipande vya sekunde kumi na tano siku hizi, wimbo wa taratibu wa gitaa peke yake unapita tu. Huyo prodyuza alikosea kwenye trak, zile ni sauti za dada, alipaswa apewe bila longolongo, lakini kuhusu spidi inawezekana hakukosea. Sikiliza tena baada ya miezi kadhaa machungu yakiwa yameisha.

---

gitaa_la_mwaloni

@besi_nne asante mno, nimesoma mara mbili. Hilo la nauli sikuwahi kuliwaza, nilikuwa naona aibu kumpa mtu elfu tatu.

@biti_kwanza nimekuelewa na sijakataa biti wala spidi. Kilichoniuma ni kwamba hakuniuliza. Angeniuliza hata swali moja kuhusu huyo mama ningekubali mengi.

---

mzee_wa_rithim

Binti yangu, hujambo. Nimeshika gitaa la rithim tangu ujana wangu, sasa vidole vimekataa, ila masikio bado yapo.

Zamani jambo hili halikuwa swali, kwa sababu bendi zilikuwa na mwajiri. NUTA Jazz kwa mfano, 1964, ilikuwa bendi ya chama cha wafanyakazi, mpigaji ana mshahara, asubuhi mnakwenda mazoezini kama mtu anavyokwenda ofisini. Mtunzi akija na wimbo wake mpya anauimba pale mbele ya wenzake, solo anatafuta njia yake, besi anatafuta yake, mpaka jioni una umbo. Ninyi wa leo hamna mwajiri huyo, kila mmoja yuko chumbani kwake na simu yake, kwa hiyo inabidi hayo mazoezi muyatengeneze wenyewe kwa makusudi. Panga siku moja ya wiki, isibadilike, hata akija mtu mmoja.

La pili nakushangaa kidogo, usinichukie. Uko Mwanza unaulizia Dar. Panda gari njia ya Musoma, kama kilomita 20 tu, shuka Kisesa, nenda Bujora kwenye makumbusho ya Wasukuma. Pale kuna ngoma na watu wanaozijua. Na mwezi wa sita kwenye Bulabo, tamasha la ngoma la Wasukuma, wanashindana Bagika na Bagalu, vile vyama viwili vya ngoma, manju anaimba wimbo aliotunga yeye mwenyewe na kundi zima linamjibu, watu elfu wanasikiliza kila neno maana neno likilegea kundi linazidiwa. Hao mamanju ni watunzi kama wewe. Tofauti ni kwamba kwao wimbo haubaki kwa mtunzi peke yake kama unavyofanya wewe, unapita kwa wafuasi wa ngoma.

Wewe ni Msukuma? Kama ndiyo, karai la dagaa lina mdundo wake, kausikilize.

---

gitaa_la_mwaloni

Shikamoo mzee. Ndiyo, mama Msukuma baba Mkerewe. Bujora nilienda tulipokuwa shule ya msingi kwenye ziara, sikuwahi kuwaza kurudi kwa jambo hili. Nitaenda.

---

baraza_la_shangani

Assalaam alaykum. Mimi nipo Unguja, niseme kidogo kuhusu huko kugawana, maana sisi watu wa taarab jambo hilo tumelizoea. Kwenye taarab mara nyingi mtunzi wa mashairi ni mtu mmoja, anayetia muziki ni mwengine, na anayeimba ni wa tatu, na kila mmoja anajulikana kwa kazi yake, mtu anaweza kuwa mshairi mkubwa na asipande jukwaani maisha yake yote. Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi alikwenda na kundi lake, wapiga ala na waitikiaji, ile sauti tunayoisifu hadi leo ilikuwa imezungukwa na watu waliomjua.

Nakwambia hivi kwa sababu naona nyinyi wenye kutunga kwa gitaa mnadhani lazima ufanye yote ndio uwe msanii halisi. Si lazima. Nyimbo zako arobaini pengine ishirini zinataka mtu mwengine wa kuzitia muziki, au mashairi yako yanataka koo jengine kabisa.

Mimi nilisoma kupiga udi, ile ala ya nyuzi, Dhow Countries Music Academy, ile chuo ya Mji Mkongwe iliyoanza 2002, na kilichonifaa zaidi kuliko masomo yenyewe ni wale niliokaa nao darasani. Mmoja kidumbak, mmoja qanun, mmoja mgeni kaja na fidla yake, baada ya darasa tunakaa barazani tunapiga tu. Watu wote ninaofanya nao kazi leo nimewapata pale. Kwa hiyo hata kama huwezi kusoma kwa muda mrefu tafuta mahala ambapo watu wanajifunza, sio mahala wanapouza.

Na kama una ndoto ya tamasha la Sauti za Busara, pale Ngome Kongwe kila Februari, ujue wanataka laivu tupu, hakuna kuimbia juu ya sidii. Maombi yanafunguliwa miezi mingi kabla na utatakiwa uonyeshe unavyopiga. Sasa ukiwa na watu watatu wanaoujua wimbo, simu moja nzuri na chumba kisicho na mwangwi, umeshapata cha kutuma. Ukiwa na biti la studio huna.

---

hati_na_saini

Hapa kwenye kugawana ndo mahali watu wazuri wanapogombana, naomba niandike kwa urefu mnisamehe.

Kwanza tenganisha vitu viwili. Kuna WIMBO, yaani mashairi na melodi, huo ni wa aliyeutunga. Na kuna REKODI, yaani masta, ile sauti iliyonaswa siku fulani studio fulani. Wimbo mmoja unaweza kuwa na rekodi kumi. Dada wimbo wako wa dagaa ni wako hata kama ile rekodi ya amapiano imekwama kule, hakuna anayekuzuia kuurekodi upya kesho. Usilipe hizo laki mbili. Ila usiende kurekodi tena kabla ya kuandikiana, na muandikiane kabla sauti haijaingia kwenye kompyuta: trak zote moja moja utapewa, kwa WAV (faili la sauti lisilobanwa), bila malipo ya ziada, na masta ni ya nani. Mistari mitatu inatosha, saini mbili, tarehe.

Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki (hakishiriki ni kama ile haki ya waimbaji na wapigaji) ni ya mwaka 1999. Haki haisubiri usajili, kazi ikishatungwa tayari inalindwa maisha yako yote na miaka 50 baada ya kufa, na ukiandika au ukirekodi unakuwa na ushahidi. Kwa hiyo zile memo za kwenye simu yako zenye tarehe ni mali, zitunze sehemu mbili tofauti, simu inaibwa. Kusajili kazi COSOTA, ofisi ya hakimiliki, bado nakushauri, siku ya ubishi unakuwa na karatasi mkononi, na BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa, ujisajili kama msanii maana kuna shoo hazikupokei bila hivyo.

Wote mnaujua wimbo wa Malaika. Makeba kauimba, Boney M kauimba, dunia nzima inaujua, na mpaka leo ukikaa kijiweni wapo wanaosema aliutunga Fadhili William na wapo wanaosema ni Adam Salim. Mimi siamui. Ila fikiria wimbo mkubwa namna ile halafu swali la nani aliutunga halijawahi kufungwa.

Kugawana sasa. Siku wimbo unapokamilika, siku hiyohiyo kabla hamjaondoka, daftari katikati: nani kaandika mashairi, nani kaleta melodi, nani kabadilisha kitu kikubwa kwenye muundo, asilimia ngapi, jumla 100. Mpigaji uliyemlipa ujira wa siku hana asilimia kwenye wimbo isipokuwa mmekubaliana, lakini anayo haki yake kama mpigaji, jina lake liandikwe. Usiyekuwa na hela ya kumlipa mpe asilimia ya kweli, sio ahadi ya "tukitoboa nitakukumbuka". Hiyo sentensi imevunja urafiki mwingi mno.

Jambo dogo la kiufundi: msitumiane sauti WhatsApp kama voisi, inabanwa inapoteza ubora. Tuma kama dokumenti au weka Drive, na jina la faili liwe na spidi na tarehe, sio "mpya mpya ya mwisho 3".

---

pwani_strings

Mambo vipi watu wa TZ, mimi nasoma nikiwa Mombasa. Nataka tu kumuonya huyu dada juu ya kolabo na majina makubwa coz najua itafika mahali mtu atamwambia afanye hiyo.

Mimi nililipa msanii mmoja mwenye jina, elfu themanini za Kenya, pesa nilikuwa nimeweka ya kununua amp. Alikuja studio akiwa amechelewa masaa matatu, akaskiza wimbo mara moja, akaimba vesi dakika ishirini akaenda. Vesi haikuwa inahusiana na wimbo wangu hata kidogo, mimi naimba juu ya nyanya yangu, yeye anaimba juu ya warembo wa klabu. Tukaachia, wiki ya kwanza namba zikapanda, wiki ya pili kimya, na wale waliokuja walikuja kumskiza yeye, hakuna hata mmoja alibaki kwa nyimbo zangu zingine. Sijamlaumu sana, alifanya kile alilipwa afanye. Makosa ni mimi nilinunua jina nikidhani nanunua mwenzangu.

Kile kilinisaidia ni kingine kabisa. Kuna jamaa anapiga nyatiti, ile ala ya nyuzi ya Wajaluo, alikuwa amepost akipiga nyumbani kwao, watu kumi na moja ndio walikuwa wamelike. Nikamtumia kipande cha gitaa bila maneno, nikamwambia ongeza chenye unaskia. Akarudisha baada ya siku nne, alikuwa ameongeza kidogo sana, ameacha nafasi mahali pote sauti ingeingia. Hapo nikajua huyu anaskiza. Tumefanya nyimbo sita sasa na bado hatujawahi kukaa chumba kimoja zaidi ya mara mbili.

So tuma kipande, sio salamu. Msanii akipata "hi tufanye kolabo" anapita. Akipata sekunde arobaini za kitu kizuri chenye hakijaisha, mkono unamwasha.

---

gitaa_la_mwaloni

Wakuu nimerudi, zimepita wiki saba, niliahidi moyoni nitarudi kusema.

Nilianza na kijana wa besi wa kwaya yetu, tumekaa kanisa moja miaka minne sikuwahi kumwambia natunga. Nikampa ule wimbo wa mama bila kumweleza kitu kama alivyosema @besi_nne. Akapiga, akanyamaza, akauliza "huyo mama anaenda au anarudi?" Nikakaa chini kabisa.

Halafu Bujora. Nilienda mara tatu, mara mbili za kwanza nilikaa tu naangalia. Ya tatu baba mmoja wa makamo anayepiga ngoma akanisogelea akaniuliza ninatafuta nini kila Jumamosi. Nikamwimbia pale pale bila gitaa. Akasikiliza mpaka mwisho, akasema binti, mtu mwenye karai la dagaa kichwani hatembei hivyo. Nikamwambia ni wimbo wa taratibu. Akasema sawa, ila dagaa wakipigwa na jua hawanunuliki, mama yako alikuwa anakwenda mbio. Kamwulize.

Nikamuuliza. Mama alicheka, akachukua karai akajaza mchanga, akajifunga khanga kiunoni akazunguka ua wetu mara nne kwa mwendo wake wa siku zile, mguu unaburuzika kidogo kila hatua ya pili kwa sababu ya uzito. Nikamrekodi miguu tu. Yule baba aliposikia ile rekodi akaanza kupiga juu yake hapohapo, na ule mburuzo akauweka kwenye ngozi ya ngoma kwa kiganja.

Kwa hiyo @biti_kwanza ulikuwa na haki kwa sehemu yako, wimbo wangu ulikuwa wa polepole mno. Mimi nilikuwa naupiga kwenye mapigo 78 kwa dakika, yule prodyuza aliupeleka 112, hatua za mama zimetoka 96. Nimeimba kwenye 96 na "gizani" inasikika yote.

Tumekaa Alhamisi na daftari. Mashairi na melodi mimi, muundo mpya tumegawana, mimi 70, besi 15, ngoma 15. Yule baba mwanzoni alikataa akasema yeye apewe nauli tu, nikamsomea maneno ya @hati_na_saini akaandika majina yake yote matatu kwa herufi kubwa. Jumamosi tunarekodi kwa mtu mwingine kabisa, ana chumba kidogo Igoma, amekubali kwa maandishi kutupa trak zote, na ametuomba twende saa moja asubuhi kabla fundi wa kuchomelea wa jirani hajafungua.

Swali moja limebaki. Wimbo unaanza na sauti ya mama mwenyewe akiita "dagaaa, dagaa wa leo" kama alivyokuwa anaita mtaani. Sasa kaniuliza na yeye jina lake linaandikwa wapi. Linaandikwa wapi?

---

hati_na_saini

Mwandike kama mwimbaji, jina kamili, hiyo ni hakishiriki yake. Na kama huo mwito ni wake alivyokuwa akiuita miaka yote na ukaingia kwenye melodi ya kiitikio, rudini kwenye daftari kabla ya Jumamosi.

---

gitaa_la_mwaloni

Umeingia kwenye kiitikio. Tunarudi kwenye daftari kesho jioni.